Kutoka kasha hadi rafu: mwongozo kamili wa kutunza maandishi ya mji katika makumbusho

Ukikaribishwa katika nyumba ya kale mtaa wa Mkomani, Lamu, na wenyewe wakakuamini, ipo siku kasha litafunguliwa mbele yako. Juu kabisa patakuwa na khanga iliyochakaa. Chini yake utakuta kitabu cha maulidi kisicho na jalada, hati ya shamba, barua za biashara, utenzi ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu na kuachwa katikati, daftari la madeni ya duka, na pengine karatasi ya dawa ambayo mwenye nyumba ataificha haraka kabla hujaisoma. Mji mzima umo humo, umekunjwa.

Mwongozo huu ni wa yule aliyekabidhiwa chumba kimoja na ufunguo katika makumbusho ya mji wake, akaambiwa atunze maandishi kama hayo. Nashika mfano wa Lamu kwa kuwa ndiko ninakokujua. Aliyeko Unguja, Mombasa, Bagamoyo au Moroni atabadilisha majina ya mitaa. Chumvi ya bahari, mchwa na masika ni vilevile.

Mengi yalishaondoka. Muhamadi Kijuma, mshairi, mwandishi wa hati na fundi wa nakshi wa Lamu aliyefariki mwaka 1945, alinakili tenzi nyingi kwa ajili ya wataalamu wa Kizungu, na leo kazi za mkono wake ziko London na Ujerumani. Nakala ya kale ya Utendi wa Tambuka, utungo wa Pate wa mwaka 1728, iko Hamburg. Sisemi viliibiwa, vingi vililipiwa, vingine vilitolewa zawadi. Lakini vilivyobaki majumbani vinaliwa kidogo kidogo, na hivyo ndivyo vya kushughulikiwa sasa.

Hatua ya 1: Tengeneza chumba kabla ya kuomba karatasi hata moja

Watu wengi huanza kwa kununua skana. Anza kwa kupanda juu ya paa. Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, Unguja, jengo lililokuwa makumbusho, iliporomoka likiwa katika ukarabati. Ukipokea amana za watu ndani ya jengo bovu, umezihamisha tu kutoka hatari moja kwenda nyingine.

Ukiwa na nyumba ya ghorofa, chagua chumba cha ghorofa ya kati. Chini kuna mchwa, na unyevu hupanda ukutani kutoka ardhini. Katika mji wa pwani, maji ya bamvua nayo huweza kubisha hodi. Juu kuna joto na paa linalovuja. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa husaidia sana, maana hazipati joto wala kupoa kwa haraka. Zikarabatiwe kwa chokaa. Ukizipaka saruji unazifungia maji ndani, kisha plasta itabanduka na unga wake kushukia masanduku.

Mwaka wa kwanza, nunua kipima unyevu cha kawaida na uandike namba zake asubuhi na jioni kila siku. Vitabu vya Ulaya vitakuambia nyuzi 18 na unyevu wa asilimia 50. Pwani, bila bajeti ya benki, usijitese kwa hizo. Shabaha ya kweli ni unyevu usiozidi asilimia 65, kwani ukipita hapo ukungu hupata nguvu ya kuota, na usipande na kushuka kwa ghafla. Hapo ndipo kiyoyozi kinapoumiza watu: kinawashwa saa mbili asubuhi, kinazimwa saa kumi na moja jioni ofisi ikifungwa, na kila usiku hewa ya joto yenye maji inaingia na kutua juu ya karatasi zilizopoa. Kama huwezi kukiendesha usiku na mchana, usikiwashe kabisa. Feni, madirisha yenye wavu wa mbu, na mashine ndogo ya kukausha hewa wakati wa masika vitakufaa zaidi.

Rafu ziwe za chuma kilichopakwa rangi. Rafu ya chini iwe juu ya sakafu angalau sentimita 15, na zote ziachane na ukuta upana wa kiganja, hewa ipite na uweze kuona njia ya mchwa. Chai, andazi na embe havivuki mlango. Mende hajui kusoma, anafuata sukari na gundi.

Hatua ya 2: Zungumza na wenyewe, na uulize habari ya wakfu

Hatua hii haina mashine wala kemikali, na ndiyo inayochukua muda mrefu kuliko zote. Familia nyingi zina sababu nzuri ya kukataa. Hati ya kiwanja ikitoka nyumbani, nani atathibitisha mpaka siku ya kesi? Na waliowahi kuazima kitabu "kwa wiki moja tu" wasikirudishe, wapo wengi. Hodi ya kwanza iwe ya salamu. Nenda na mtu anayejulikana katika nyumba ile, ikiwezekana mwanamke, kwa maana mara nyingi ufunguo wa kasha uko kwa bibi.

Kisha kuna wakfu. Fungua ukurasa wa mwanzo wa vitabu vya dini vya mwambao huu na mara nyingi utaona maandishi mafupi: fulani amekiweka kitabu hiki wakfu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, kwa wanafunzi wa mahali fulani, kisiuzwe, kisirithiwe. Mzee mmoja alinisomea maneno hayo kidole kikiwa kwenye mstari, akafunga kitabu. "Zitabu hizi ni wakfu, mwanangu. Mimi ni mtunzaji tu, sina changu cha kukupa." Alikuwa sahihi, na fomu yangu ya "zawadi kwa makumbusho" ikarudi mkobani.

Tangu hapo nina karatasi tatu tofauti. Ya kwanza ni ya hiba: mwenye mali anatoa moja kwa moja. Ya pili ni ya amana: mali inabaki ya familia au ya wakfu, makumbusho inatunza, na imeandikwa wazi ni nani anaweza kuidai na kwa notisi ya siku ngapi. Ya tatu ni ya picha tu: karatasi hailali nje ya nyumba yake, tunaipiga picha palepale ukumbini na familia inapewa nakala. Msikiti wa Riyadha wa Lamu, aliouasisi Habib Saleh, ulifuata njia ya namna hiyo. Miswada yake ilipigwa picha kwa msaada wa programu ya Maktaba ya Uingereza ya kuokoa nyaraka zilizo hatarini, na vitabu vikabaki Riyadha. Kwa maoni yangu, karatasi ya tatu itakupa mengi kuliko mbili za kwanza.

Andika mkataba kwa Kiswahili, usome kwa sauti, pande zote zitie saini, nakala ibaki nyumbani. Taja pia mambo mawili ambayo watu huyasahau. Moja ni hakimiliki: kwa sheria ya Kenya hudumu miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi, kwa hiyo mashairi ya mtu aliyefariki 1980 yana wenyewe hadi mwisho wa 2030. Lingine ni siri. Talaka, madeni, wasia unaotaja nani ni mtoto wa nani, hati za mauzo zenye majina ya watumwa: humo mna majina ambayo wajukuu zao bado wanaishi mtaa wa pili. Kubalianeni mapema kipi kisomwe na kila mtu, kipi kwa ruhusa, na kipi kifungwe kwa miaka mingapi.

Hatua ya 3: Pokea bila kufungua fundo

Hapa nina kosa langu mwenyewe la kusimulia. Kasha langu la kwanza nililimwaga mezani na kupanga kila kitu kwa aina: barua huku, hati kule, mashairi pembeni. Nikaona nimefanya kazi nzuri. Baada ya miezi nikagundua kuwa vifundo vidogo vilivyofungwa kwa uzi, ambavyo nilivikata kwa mkasi, kila kimoja kilikuwa habari kamili: hati ya nyumba, barua ya mdai, na karatasi ya ndoa, vimefungwa pamoja kwa sababu vyote vilikuwa ushahidi wa jambo moja. Nilibaki na barua ya deni isiyojulikana ni deni la nani. Karatasi zote zilikuwapo, na kisa kimepotea.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa chochote, piga picha. Kasha lililofungwa, kasha lililofunguliwa, tabaka la kwanza, kisha kila tabaka unalotoa. Kila fundo lipe namba, na yaliyomo yabebe namba hiyo milele. Karatasi za familia moja zisichanganywe na za nyingine hata kama zinahusu shamba lilelile. Andika pia aliyotamka mwenyewe siku hiyo, kwa maneno yake: nani aliandika, kasha lilikaa chumba gani, lilitoka Siyu au Pate, lilipita kwa nani. Baada ya mazishi mawili matatu hakuna atakayekuambia.

Fungua daftari la mapokezi, lenye jalada gumu na kurasa zilizoshonwa, liandikwe kwa kalamu isiyofutika. Kompyuta itakuja baadaye. Namba rahisi hutosha: 2025.4.12 ni mwaka 2025, pokezi la nne, kitu cha kumi na mbili.

Na adabu ni sehemu ya kazi. Msahafu hauwekwi sakafuni, haupangwi chini ya vitabu vingine, na kipande cha karatasi chenye aya hakiendi kwenye pipa la taka hata kikiwa kidogo kama ukucha. Kiwe na bahasha yake. Wenyewe wakitaka anayeshika awe na udhu, panga wafanyakazi wako hivyo. Ukidharau hili, habari itafika sokoni kabla yako na milango itafungwa.

Hatua ya 4: Karantini

Usipeleke kitu kipya moja kwa moja kwenye rafu. Kifunge ndani ya mfuko mzito wa nailoni, chini yake tandika karatasi nyeupe, ukiweke chumba kingine kwa wiki mbili au tatu. Kila siku tazama ile karatasi nyeupe. Unga laini kama wa mbao ukidondoka, ndani kuna anayekula. Matundu ya mviringo yaliyotoboa kurasa nyingi kwa mkupuo ni ya fukusi. Kurasa zilizoparuzwa juu juu, zikabaki nyembamba, ni kazi ya yule mdudu mwepesi wa rangi ya fedha mwenye mkia wa nyuzi tatu. Udongo mkavu uliogandamana ni mchwa, na hapo usiulize kuhusu kitabu tu. Mrudie mwenye nyumba, umwambie atazame boriti zake.

Dawa ya wadudu ni baridi. Kitabu kikiwa ndani ya mfuko uliotolewa hewa na kuzibwa vizuri, kiweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja, au friza ya kawaida ya nyumbani kwa wiki mbili. Ukikitoa, kiache ndani ya mfuko wake siku nzima, ili umande utue nje ya nailoni na si juu ya jalada. Umeme ukikatika muda mrefu katikati, hesabu inaanza upya. Friza iwe ya kazi hiyo tu; usiazime ya samaki. Picha za kioo na kazi zenye rangi nene iliyopakwa zisiingizwe humo.

Tembe za naftalini na dawa za kunyunyiza acha kabisa. Zinadhuru mapafu yako kuliko fukusi, na nyingine hubaki kwenye karatasi miaka mingi. Wazee waliweka karafuu na majani ya mwarobaini kwenye makasha. Sina ugomvi nao, ila majani yasiguse ukurasa, maana mafuta yake huacha madoa. Na ukikuta ukurasa wa kwanza wa kitabu cha Kiarabu umeandikwa "Ya Kabikaj", usidhani ni jina la mwenyewe. Ni maneno ya kinga waliyoandika wanakili wa nchi nyingi za Kiislamu ili wadudu wapite mbali. Lirekodi katika katalogi, kisha washa friza.

Hatua ya 5: Safisha kidogo, karabati kidogo zaidi

Mikono iliyooshwa na kukaushwa ni bora kuliko glavu za pamba, ambazo hunyima vidole hisia na kurarua pembe. Glavu za mpira vaa unaposhika picha za kamera au karatasi yenye ukungu. Kwa vumbi tumia brashi laini, ukifagia kutoka katikati kwenda nje. Ukungu mkavu ufagiliwe nje ya jengo, barakoa nzito usoni, upepo ukiwa mgongoni mwako. Usianike kurasa juani: jua huua ukungu kiasi, lakini huua na wino.

Toa pini za stepla, klipu zenye kutu na raba zilizoyeyuka. Selotepu iliyokwisha kugandamana iache kama ilivyo mpaka apatikane fundi aliyesomea. Mpya usiweke hata iwe moja, wala usimpelekee mtu wa steshenari akulaminishie hati. Nimeona hati ya kadhi imelaminishwa kwa nia njema kabisa, haitoki tena.

Tazama wino kabla ya kufikiria maji. Wino wa masizi na gundi ya mti, mweusi wa kung'aa, hukaa karne na karne bila kupauka, ila huyeyuka ukiloa. Wino wenye madini ya chuma huanza mweusi, hugeuka kahawia, na mwishowe hula karatasi hadi herufi zinaanguka zenyewe na kuacha tundu lenye umbo la neno. Karatasi yenye wino huo iweke bapa, usiikunje kamwe, ishike kwa karatasi nyingine chini yake.

Jalada la Kiislamu lina kipande kinachokunjwa kutoka ubavuni, ambacho mafundi wa Kiarabu hukiita lisani, yaani ulimi. Mahali pake ni chini ya jalada la mbele. Mgeni huufunga juu, na mkunjo hukatika. Kitabu kifunguliwe juu ya mito miwili, kisilazimishwe kulala bapa.

Hatua ya 6: Folda, sanduku, kitambaa

Folda na masanduku yasiyo na asidi huagizwa kutoka nje na ni ghali. Kama fedha ni kidogo, nunua karatasi isiyo na asidi ya kugusana na hati yenyewe, na sanduku la nje liwe la kawaida, libadilishwe kila baada ya miaka michache. Kwa vitabu, marekani isiyotiwa rangi, iliyofuliwa mara tatu kwa maji moto bila sabuni ya manukato ili wanga utoke, ni kitambaa kizuri cha kuzungushia. Funga kwa utepe wa pamba. Barua zilizokunjwa zifunguliwe taratibu, zilale bapa chini ya uzito mwepesi, na mihuri isigandamizwe. Namba iandikwe kwa penseli ya 2B, ndogo, kwenye pembe isiyo na maandishi. Kalamu ya wino haiingii chumbani.

Hatua ya 7: Andika katalogi itakayosomwa na mjukuu

Katalogi nzuri humpa msomaji njia ya kukifikia kitu na kukielewa bila kukigusa. Hapa chini ni ingizo la kubuni, la kuonyesha umbo:

Namba: 2025.4.12. Aina: hati ya mauzo ya shamba. Lugha: Kiarabu, na mistari miwili ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Tarehe: 14 Rajabu 1300, sawa na Mei 1883. Ukubwa: sm 33 kwa 22, karatasi moja. Wino: mweusi, sahihi mbili kwa wino mwekundu. Hali: tundu tatu za fukusi upande wa kushoto, herufi hazijaguswa. Ilikotoka: fundo la 4, pamoja na 2025.4.11 na 2025.4.13. Masharti: isomwe kwa ruhusa ya familia.

Mahali palipoandikwa "pamoja na" ndipo ninapopatazama kwanza katika katalogi yoyote ya mtu mwingine.

Tarehe zina mitego. Kwa hesabu ya haraka zidisha mwaka wa Hijra kwa 0.97, ongeza 622: 1275 hukupa 1858, na ndio mwaka wa Utendi wa Mwana Kupona. Kwa siku kamili tumia majedwali, na daima andika kwanza tarehe kama ilivyo kwenye hati, kisha tafsiri yake. Barua za mabaharia na wakulima huweza kufuata Nairuzi, mwaka wa jua unaohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi, na mwaka wenyewe kuitwa kwa siku ulipoanzia: mwaka wa Jumatatu, mwaka wa Alhamisi. Uliza wavuvi wazee, bado wapo wanaohesabu.

Herufi nazo zinahitaji subira. Waandishi wengi wa zamani waliandika b, p na mb kwa herufi moja, hivyo neno lilelile huweza kusomwa kupa au kumba. Katika hati ya mali hilo si jambo la mchezo. Weka usomaji wako kwa herufi za Kilatini, uache na maandishi ya asili kama yalivyo, na palipo na shaka tia alama ya kuuliza. Usisanifishe Kiamu, lahaja ya Lamu: mwandishi akiandika "mato", usimrekebishe kuwa "macho".

Karatasi yenyewe ina habari. Iinue mbele ya dirisha. Ukiona ndani yake alama ya maji ya hilali tatu zikipungua ukubwa, ni karatasi ya kaskazini mwa Italia iliyotengenezwa kwa ajili ya masoko ya Mashariki na kusafiri hadi pwani hii. Nyingine zina jina la mtengenezaji wa karatasi, Andrea Galvani wa Pordenone. Kitabu kisicho na tarehe hupata hapo angalau karne. Na kama kurasa zimechanguka, tazama chini ya kila ukurasa: wanakili waliandika hapo neno linaloanza ukurasa unaofuata. Kwa neno hilo moja moja nimewahi kupanga upya kitabu kizima kilicholetwa ndani ya mfuko wa sukari.

Hatua ya 8: Piga picha, kuanzia kulia

Kamera juu ya kiguzo, taa mbili pembeni zilizoinamishwa kwa pembe ya nyuzi 45, bila mmweko, rula na kadi ya rangi ndani ya fremu. Skana bapa ni ya karatasi moja moja. Kitabu kisigandamizwe juu ya kioo. Lenga nukta 400 kwa inchi, faili kuu iwe TIFF, na nakala ndogo ya JPEG ya kusomea. Ukurasa wa A4 hivyo unakula takriban megabaiti 46, kwa hiyo kitabu cha kurasa 200 ni gigabaiti 9 na zaidi. Nunua diski ukijua hivyo.

Msaidizi kijana aliyezoea vitabu vya shule ataanza kushoto. Nimepata mswada mzima uliopigwa kinyumenyume, dua ya mwisho ikiwa picha ya 001. Bandika mshale kwenye meza. Piga jalada, ulimi, kurasa tupu, noti za pembeni, na hata karatasi ya pipi iliyotumika kama alama. Jina la faili liwe namba ya daftari na ya ukurasa tu, 2025.4.12_003, bila "utenzi_mzuri_final2".

Kisha nakala tatu, katika aina mbili za vifaa, moja ikiwa nje ya mji. Usiitegemee taasisi moja, hata iwe kubwa vipi: baada ya shambulio la mtandaoni la Oktoba 2023, huduma nyingi za Maktaba ya Uingereza zilizimika kwa miezi. Tumia programu ya bure inayokokotoa SHA-256, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaobadilika hata kama nukta moja ya faili imeharibika, uulinganishe kila baada ya miezi sita. Diski ya miaka mitano ihesabu kuwa imezeeka.

Hatua ya 9: Wasomaji na maonyesho

Msomaji hupewa folda moja kwa wakati mmoja, penseli, na picha kwanza. Asili hutolewa pale tu picha isipotosha. Kwenye kabati la maonyesho mwanga usizidi luksi 50, na ukurasa ubadilishwe kila miezi mitatu. Mara nyingi nakala nzuri iliyochapwa inatosha, mradi useme kuwa ni nakala.

Maji yakiingia

Una saa 48 kabla ukungu haujaanza. Zima umeme, piga picha, ondoa vilivyolowa kidogo kwanza, maana hivyo ndivyo vitakavyopona. Karatasi moja moja zilale juu ya karatasi za kunyonya maji, feni zikivuma hewani na si juu yake. Vitabu vilivyoloa chepechepe usivifungue: vizungushie karatasi ya nta, viingize friza, umtafute mtaalamu kwa nafasi. Wino wa masizi ukiloa usiufute wala usiukaushe kwa kugandamiza. Ubandike mlangoni orodha ya wenye funguo, namba zao za simu, na masanduku matano ya kutolewa kwanza.

Rudi nyumbani ulikozitoa

Baada ya miezi sita, chapisha picha, zitie jalada, uzipeleke kwenye ile nyumba. Usiziache mlangoni. Kaa, soma kwa sauti. Mimi nilisoma hati niliyoiingiza kama ya mkopo wa riale 40, na bibi aliyekuwa akichambua mchele pembeni akacheka bila kuinua macho. "Mkopo wapi, mwanangu? Hayo ni mahari. Hakulipa mpaka akafa, na kila mtu hapa anajua."

Nikafungua daftari palepale. Neno la zamani halifutwi. Linapigwa mstari mmoja ili lisomeke, la pili linaandikwa juu yake, na pembeni: tarehe, saini yako, na aliyesema ni nani kwake yule aliyeandika.